Malindi: nyumba ya 19,000 kila kitu ndani, ama ya 12,500 nijilipie stima na maji mwenyewe?

mgeni_kutoka_voi

Hamjambo watu wa Malindi. Naombeni ushauri wa haraka manake nimepewa mpaka Jumamosi niseme ndio ama la. Nimehamishwa kikazi kutoka Voi nakuja huku na mke wangu na watoto wawili, mmoja bado ananyonya. Nimezunguka na broka siku tatu juani na sasa nimebaki na nyumba mbili tu mkononi.

Ya kwanza iko upande wa Casuarina, ghorofa ya kwanza, vyumba viwili na sebule, mwenyewe ni mama wa makamo anakaa hapohapo chini. Anataka 19,000 kwa mwezi na anasema hiyo ni kila kitu ndani, yaani stima, maji, wifi, takataka na askari wa usiku. Chumba kikubwa kina AC tayari iko ukutani. Mita ya stima ni ya tokeni, yaani unalipia kwanza ndipo stima iwake, lakini ni moja ya jengo lote, tuko wapangaji watatu na yeye.

Ya pili iko Maweni, vyumba viwili vilevile ila vidogo, 12,500, mita ya tokeni ni yangu peke yangu na ya maji pia yangu, takataka 300, wifi nijitafutie.

Vitu vyetu ni vya kawaida, friji, TV, feni mbili, pasi, blenda, kupika ni gesi. Kitu kimoja tu ndio kikubwa, mke wangu huoka keki za oda, ana oveni ya umeme ya mezani na wikiendi ikiwa na harusi hiyo oveni huwaka tangu asubuhi mpaka alasiri. Yule mama wa Casuarina hajui habari ya oveni. Broka ameniambia nisiseme kitu, eti nikishaingia nimeingia. Hilo limenikaa vibaya rohoni sana manake nitakuwa napita mlangoni kwake kila siku nikimwamkia.

Maswali yangu: hesabu ya kujua ipi ina nafuu naifanyaje? Na hiyo "kila kitu ndani" niulize nini kabla sijatoa pesa? Diposti ni mwezi mmoja kote kuwili.

---

bi_asumini

Karibu Malindi kaka. Mimi nimekaa nyumba ya kila kitu ndani mwaka mzima na miezi mitatu kwa hivyo nakwambia kitu nilichokipitia mwenyewe, sio cha kuhadithiwa.

Miezi ya kwanza ilikuwa raha. Niliingia Juni, kusi inavuma, madirisha wazi, feni hata siwashi, mwenye nyumba ananisalimia mpaka kwa jina la mtoto. Kodi natuma tarehe mbili basi mwezi umeisha, hakuna habari ya tokeni wala bili ya maji. Nikawa nawaambia wenzangu nyinyi mwateseka bure.

Ikaja Desemba. Wajua joto la hapa kaskazi ikiingia, na usiku upepo ukilala huwezi kulala bila feni, mimi nilikuwa na mtoto ana harara mwili mzima. Nikawasha feni mbili usiku kucha. Wiki ya pili mwenye nyumba akaanza kupanda juu kuuliza kwa nini taa ya jikoni yawaka mchana. Halafu akaanza kuzima swichi kubwa saa nne asubuhi mpaka saa tisa alasiri, anasema "munakwenda kazini, stima ya nini". Na friji je? Nilikuwa nikirudi nakuta maji yamechirizika mpaka mlangoni.

Lakini siku niliyoamua kuhama ni nyingine. Ilikuwa Jumamosi usiku, kesho yake nina wageni, nina kilo tatu za nguru kwenye friza nimeshakata na kupaka chumvi na ndimu. Saa tatu tokeni zikaisha. Mwenye nyumba kasafiri, simu haipatikani. Nikasema si kitu, nitanunua mwenyewe, namba ya mita iko kwenye karatasi, nikalipa kwa M-Pesa paybill 888880 na meseji ya tokeni ikaja na zile namba ishirini. Sasa kile kidude cha kubonyezea namba kiko wapi? Kiko ndani ya chumba chake, na chumba kimefungwa kufuli. Nimesimama kwenye korido na simu mkononi, tokeni ninayo, nailipia kwa pesa yangu, na giza liko palepale. Mpaka Jumatatu saa sita mchana. Nguru nikawapa majirani usikuusiku wenye jiko, iliyobaki ikaenda na takataka.

Kwa hivyo kaka swali langu la kwanza kwako sio bei. Kidude cha kuingizia tokeni kiko wapi na ufunguo uko kwa nani? Ukijibiwa "usijali mimi nipo hapa siku zote" wewe mwambie akitoe nje kwenye korido.

---

kijana_wa_muyeye

Chukua ya Maweni bro. Mita yako uhuru wako. Unapika keki saa nane za usiku ukitaka hakuna wa kukuuliza. Mimi siwezi kulipa mtu anihesabie taa.

---

fundi_waya

Mimi ni fundi wa stima hapa Malindi, haya majengo ya Casuarina, Barani na Ngala nimeingia mengi kwa hivyo wacha nikupe hesabu halafu uamue wewe.

Stima inahesabiwa kwa yuniti. Yuniti moja ni kitu cha wati 1,000 kikiwaka saa moja. Hivyo tu, hakuna elimu nyingine hapo. Sasa tuchukue vitu vyako. Friji ya kawaida ikiwa mpira wa mlango ni mzima inakula kama yuniti moja kwa siku, weka 30 kwa mwezi. Feni moja ni kama wati 70, mbili zikizunguka saa kumi kila usiku ni yuniti moja na nusu hivi, weka 40. Pasi ni wati 1,000 na zaidi lakini hukai nayo siku nzima, weka 6. TV na taa za LED pamoja na kuchaji simu weka 8. Hapo tuko 84.

Ile oveni ya mezani nyingi ni wati 1,500 mpaka 2,000. Haiwaki mfululizo, ikipata joto inajizima na kujiwasha, kwa hivyo saa moja ya kuoka hesabu kama yuniti moja na robo. Mkeo akioka saa nane kwa wiki ni yuniti 10, mwezi 40. Jumla yako ni kama 124. Ukitia ushuru na zile tozo zote yuniti moja huku nyumbani inatoka kama shilingi 28 mpaka 30, kwa hivyo stima yako ni kama 3,600. Maji kwa familia ya watu wanne wenye mtoto mchanga tuseme 1,200. Wifi 2,500. Takataka 300. Maweni kwa hivyo sio 12,500, ni kama 20,100. Na Casuarina ni 19,000 pamoja na askari. Bila wifi Maweni ni 17,600. Umeona? Tofauti si kubwa kama inavyoonekana kwenye mdomo wa broka.

Sasa AC. Ile ndogo ya kawaida, 12,000 BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza), inavuta kama wati 1,100. Ukiilalia saa nane usiku ni yuniti 6 mpaka 8 kulingana na unyevu na kama madirisha yanafunga vizuri, na madirisha ya ile mitaa mengi hayafungi, yale ya vibapa vya vioo yanavujisha baridi yote. Hiyo ni shilingi 200 kila usiku, 6,000 kwa mwezi. Hakuna mwenye nyumba wa 19,000 atakubali kukulipia 6,000 za AC juu ya mengine, hata kama leo anasema kila kitu ndani. Atakubali mwezi wa kwanza, wa pili ndio kama alivyosema bi_asumini hapo juu, ataanza kupanda ngazi.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui. Tangu bei zilipobadilishwa Aprili 2023, nyumba isiyozidi yuniti 30 kwa mwezi inalipa bei ya chini kabisa, kuanzia 31 mpaka 100 bei ya kati, ikipita 100 bei ya juu. Kabla ya hapo ile bei ya chini ilikuwa inafika mpaka 100. Na wanaangalia wastani wa miezi mitatu iliyopita sio mwezi mmoja. Sasa nyumba ambayo familia nne ziko kwenye mita moja, hata kila mmoja akiwa anatumia yuniti 25 tu na taa mbili, ile mita inaona ni nyumba moja inayokula 100, na mkizidi kidogo wote mnalipa bei ya juu. Mzee wa watu mwenye taa na redio analipishwa bei sawa na mwenye friza. Kwa hivyo ukisikia mwenye nyumba analalamika stima imepanda sio kila mara ni tamaa, mita moja ya watu wengi ni ghali kwa kila mtu aliyemo.

Na hata ile ya Maweni usiamini kwa macho. Ukienda, zima kila kitu, chomoa kila kitu, halafu angalia kile kitaa chekundu kwenye mita. Kikiendelea kupepesa kuna mtu anakunywa kwenye mita yako. Nimekuta nyumba moja pampu ya maji ya jengo zima na taa za ngazi zimeungwa kwenye mita ya mpangaji wa chini miaka miwili na yeye anajiuliza mbona tokeni za 500 hazimalizi siku nne.

---

mwenye_vyumba_sita

Na mimi niseme upande wetu manake humu mwenye nyumba amekuwa adui wa kila mtu.

Nina vyumba sita, vinne napangisha kila kitu ndani. Nilianza hivyo kwa sababu ya ugomvi. Mita ni moja, na mwanzo tulikuwa tunagawana bili, basi kila mwisho wa mwezi ni kesi, huyu anasema mimi sina friji, yule anasema mimi nilisafiri wiki mbili, mwingine mgeni wake amekaa mwezi. Nikachoka. Nikapandisha kodi kidogo nikasema stima na maji juu yangu. Watu wakanyamaza na majirani wakaanza kusalimiana tena.

Lakini gharama ya hiyo amani iko kwangu. KRA, wale watu wa ushuru, wanakata ushuru wa nyumba juu ya pesa yote inayoingia kama kodi, 7.5% tangu Januari 2024, kabla yake ilikuwa 10%, na hawakupunguzii eti kwa sababu ulilipa stima ama ulipaka rangi. Kwa hivyo ile elfu tatu ya stima ninayoichanganya ndani ya kodi nayo inakatwa. Maji ya bomba yakikosa napigia simu boza, lile lori la maji. Yote hayo nikiyatia kwenye bei mpangaji anasema mama huyu ni ghali.

Kwa hivyo nakuomba mwanangu, habari ya oveni mwambie. Mwambie kabla hujatoa hata shilingi. Mimi nilikuwa na kijana mpole sana, aliniambia anauza nguo, kumbe ana friza mbili za kuuzia barafu na juisi wanafunzi. Mwezi mmoja tokeni za nyumba zilipanda karibu mara mbili na mimi nikawashuku wapangaji wengine, nikamfokea mama mmoja asiye na hatia ambaye alikuwa na pasi tu. Mpaka leo nikikutana naye sokoni naona haya. Kijana angeniambia tangu mwanzo tungepanga, ningemwekea sabmita yake, yaani mita ndogo ya chumba chake peke yake, na tungeendelea vizuri tu. Kuoka keki si dhambi, ni kazi halali, na mwenye nyumba mwenye akili anapenda mpangaji mwenye kazi.

Ninachofanya sasa ni hivi, kila chumba kina sabmita, naandika kwenye karatasi yuniti 60 ziko ndani ya kodi, zikizidi unalipa zilizozidi kwa bei ileile inayotoka kwenye risiti ya tokeni. Siongezi hata shilingi. Risiti nabandika mlangoni. Tangu nifanye hivyo sijagombana na mtu.

---

mtu_wa_amu

Salamu kutoka Amu, yaani Lamu. Nyote mumeshika stima, sikizani habari ya maji, manake kwetu hapa maji ndiyo nyumba.

Ndugu yangu ukiambiwa "maji yamo" uliza maji gani. Huku Amu nyumba nyingi za mji wa kale zina kisima, na maji ya kisima ni ya chumvi, ni ya kuoshea na ya choo. Maji matamu yanatoka Shela, chini ya yale matuta ya mchanga, ndiyo yanayoletwa kwa mfereji, nayo hayaji kila saa. Kwa hivyo mtu anaweza kukupangisha nyumba akakwambia maji yamo na hasemi uongo, akakufungulia bomba mbele yako na maji yakamwagika kwa nguvu, ukahamia, na siku ya kwanza ya kupika chai unaijua ladha. Mimi yalinipata hivyo mwaka nilipooa. Mke wangu aliosha nywele akaniuliza sabuni hii mbona haitoi povu. Basi hapo ndipo nilipojua tumepanga nyumba ya kisima.

Malindi najua maji yenu ya bomba yanatoka Baricho, kwenye visima vya kando ya mto Sabaki, na hayohayo ndiyo yanayokwenda mpaka Mombasa. Yanasukumwa na pampu. Stima ikipotea huko nyinyi mwakauka, na majengo mengi ya karibu na pwani yana kisima chake cha chumvi cha kuzibia pengo. Kwa hivyo usionje kwa macho, onja kwa ulimi. Fungua bomba la jikoni, la bafuni na la choo, kila moja onja. Halafu uliza tangi la juu ni lita ngapi na liko la watu wangapi, na yakikosa siku tatu boza anaita nani na analipa nani. Mtoto mchanga na maji ya chumvi haviendi pamoja, nguo zake hazitakati na ngozi itawasha.

Stima siwezi kulalamika. Sisi tuliokaa na jenereta za mafuta kabla ya laini kubwa kutoka Rabai kutufikia twajua tulikotoka.

---

karani_mstaafu

Nimefanya kazi ya kuandika mikataba miaka mingi, niongeze kidogo.

Watu wengi hufikiri kuna baraza la kodi litakalowasaidia wakigombana na mwenye nyumba. Baraza la kudhibiti kodi lipo kisheria lakini sheria yenyewe inagusa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na kiwango hicho kimekaa hivyo miaka na miaka. Nyumba ya 19,000 haimo. Kinachokulinda wewe ni karatasi mliyotia sahihi. Na ukija kudai diposti yako mahakama ya madai madogo inasikiliza mpaka shilingi 1,000,000, na huko hakimu atauliza hiyohiyo karatasi.

Kwa hivyo usikubali iandikwe "kila kitu". Neno hilo halina maana mbele ya mtu yeyote. Iandikwe stima mpaka yuniti kadhaa, maji ya bomba, boza ikihitajika ni juu ya fulani, wifi ikikatika zaidi ya siku kadhaa itakuwaje, takataka mara ngapi kwa wiki. Na iandikwe bei haibadiliki mpaka lini, manake bei ya tokeni hupanda na kushuka kila mwezi na mwenye nyumba anaweza kukujia mwezi wa tatu akasema sasa ni 22,000. Iandikwe pia diposti inakatwa kwa sababu gani tu, nimeona watu wakikatwa diposti yote kwa "stima iliyozidi" ambayo hakuna aliyeipima.

---

bi_asumini

Karani hapo umesema. Mimi diposti yangu 15,000 ilirudi 4,000, akaniambia ni stima ya Desemba. Nikamuuliza yuniti ngapi, akasema nyingi.

---

kijana_wa_muyeye

Fundi nimefanya ile ya kuzima kila kitu na kuangalia kitaa. Nimekaa dakika kumi nzima kinapepesa. Naomba unitafute inbox kesho.

---

fundi_waya

Nitakuja, nitumie mahali. Usifungue chochote mwenyewe na usiguse waya za mita.

---

mgeni_kutoka_voi

Nashukuru nyote, nimesoma kila neno na mke wangu nimemsomea kwa simu. Nimerudi Casuarina leo asubuhi peke yangu, bila broka.

Nilianza na maji kama alivyoniambia mtu wa Amu. Jikoni matamu. Bafuni matamu. Choo chumvi, na pia lile bomba la nje la kufulia ni chumvi. Mama mwenyewe akaniambia bila kuficha, kisima kiko nyuma na ni cha choo na kufulia, maji ya bomba yana tangi la lita 5,000 juu kwa nyumba nne. Nikamwambia tuna mtoto mchanga nguo zake zitafuliwa wapi, akafikiri kidogo akasema mtafulia bafuni. Sawa.

Halafu nikamwambia habari ya oveni. Wacha niseme ukweli moyo ulikuwa unanidunda, manake nilijua naweza kuipoteza nyumba palepale. Nikamwambia mama, mke wangu huoka, wikiendi nyingine oveni huwaka saa sita saba mfululizo, sikutaka uje uone mwenyewe. Akanyamaza. Akaniuliza, huoka keki gani? Nikamwambia za harusi na za kuzaliwa, na mahamri akiombwa ingawa hayo ni ya mafuta. Akasema broka alimwambia mimi ni mtu wa ofisi na mke hana kazi. Basi akaniita ndani akanipa maji ya madafu, tukakaa na daftari.

Nikamwonyesha hesabu ya fundi, vile 84 na vile 40. Yeye hakuwa anajua ile habari ya yuniti 100, alikuwa kila mwezi akidhani mpangaji wa juu ndiye anayemla. Tumeangalia risiti zake za tokeni za miezi minne kwenye simu, jengo lote linakula zaidi ya 400. Alishangaa sana, akawa anarudia tu "kumbe, kumbe".

Tulipofikia ni hapa. Kodi 18,000. Ndani yake stima yuniti 80 kwa mwezi, maji ya bomba, wifi, takataka, askari. Ataweka sabmita ya nyumba yangu kwa gharama yake na vinavyozidi 80 nalipa kwa bei ya risiti. AC anaifungia breka yake, nikitaka kuiwasha nimwambie na inahesabiwa humohumo kwenye sabmita. Boza ni juu yake mpaka mara mbili kwa mwezi, ya tatu tunagawana nyumba nne. Kidude cha tokeni kinatoka chumbani kwake kinawekwa kwenye korido ya chini ndani ya kisanduku, na kila mpangaji ana ufunguo. Bei haiguswi mwaka mmoja.

Yote nimeandika nakala mbili kwa mkono na jirani wa nyumba ya nyuma ametia sahihi kama shahidi. Diposti nimetuma kwa M-Pesa sio mkononi.

Broka amekasirika, anasema nimemharibia. Nimemlipa chake chote hata hivyo.

Mwenye vyumba sita, ile bei ya risiti naihesabu vipi? Nachukua pesa yote nagawanya kwa yuniti ama kuna kitu kingine?

---

mwenye_vyumba_sita

Mashallah, nimefurahi. Ndio mwanangu, chukua pesa yote iliyolipwa pamoja na ushuru na tozo ugawanye kwa yuniti zilizoingia. Lakini usichukue risiti moja, chukua zote za mwezi ule ujumlishe, manake gharama ya mafuta ya kuzalishia stima hubadilika mwezi kwa mwezi. Na mama huyo akianza kulemewa na hesabu msaidie, kaeni naye tarehe moja na daftari kama mlivyokaa leo.

---

fundi_waya

Sabmita ikifungwa uwepo wewe na yeye. Hakikisha waya ya pampu na ya taa za ngazi haziko baada ya sabmita yako. Piga picha ya namba iliyoanza.

---

mtu_wa_amu

Na tangi la juu mwulize lilisafishwa lini. Lita 5,000 kwa nyumba nne ni dogo, mama mzazi awe na pipa lake la akiba bafuni.

---

mgeni_kutoka_voi

Pipa nimenunua jana sokoni, la lita 100, lina kifuniko. Tangi amesema litasafishwa kabla hatujahamia na nitakuwepo.

Sabmita imefungwa leo saa kumi, tulisimama sote wawili na fundi wake. Pampu iko kwenye mita kubwa, taa za ngazi pia, nimeona waya kwa macho yangu. Imeanza 00002.4, picha ninayo mimi na yeye nimemtumia. Familia inashuka na basi Ijumaa, oveni inakuja na lori la vyombo.

---

bi_asumini

Mwambie mkeo nahitaji keki ya watu thelathini mwezi ujao, mtoto wangu anafikisha mwaka. Nitakuja niione nyumba.